Redio ya vali imepungukiwa volti: uipime ikiwa baridi au ikiwa moto, na kwa mita ipi?

Redio ya vali (zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista) iliyokaa kabatini miaka mingi huwa na malalamiko machache tu, na yote unayasikia kabla hujafungua mgongo wake. Inavuma. Inakoroma. Inatoa sauti iliyobanwa kama ya mtu mwenye mafua. Au taa ya kioo cha vituo inawaka vizuri huku spika ikibaki bubu. Ukiifuata dosari yoyote kati ya hizo, mara nyingi unafika mahali ambapo volti haziko kama zilivyoandikwa kwenye mchoro. Kupagundua mahali hapo ni kazi ya nusu saa. Kumjua aliyezila hizo volti ndiko kunakokula siku nzima, na hapo ndipo uchaguzi wa njia na wa mita unapoanza kuwa na maana.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea: anza redio ikiwa baridi, kisha iwashe kupitia balbu, shika mita ya dijitali mkononi na uweke ya mshale pembeni. Lakini kila moja ya njia hizi ina mahali inapodanganya, na anayezitumia bila kupajua hapo hununua vali ambayo haikuhitajika.

Kwanza, redio yako ni ya ukoo gani?

Kuna koo mbili kubwa, na ushauri unaoufaa mmoja unaweza kukuua kwenye mwingine. Ya kwanza ina transfoma nzito ya umeme. Hita za vali zake, yaani nyuzi zinazoipasha vali joto, zimeungwa sambamba, kwa kawaida volti 6.3, na vali moja ikifa hita zake, nyingine zinaendelea kuwaka. Ukoo wa pili hauna transfoma ya umeme kabisa. Hita zimepangwa mfululizo kama shanga kwenye uzi mmoja, moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Mfano unaojulikana zaidi ni redio ya vali tano iliyotengenezwa kwa wingi Marekani: 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4. Nambari ya mwanzo ni volti za hita. Jumlisha 12.6 mara tatu, 50 na 35, unapata karibu 123, ndiyo maana haikuhitaji transfoma. Ulaya ilikuwa na ndugu zake, vali za herufi U kama UCH42 na UL41, ambazo hita zake hutumia miliampea 100 badala ya 150 za Kimarekani.

Kwenye ukoo huu wa pili chasisi yenyewe inaweza kuwa na umeme wa ukutani, kutegemea plagi imechomekwa upande gani. Usiipime ikiwa imewashwa bila transfoma ya kutenganisha, ile inayoitenga redio na umeme wa ukutani. Na jambo ambalo huwatatiza wengi: katika nyingi ya redio hizi, waya hasi wa volti kuu (zile kubwa zinazolisha vali) haujaungwa kwenye chasisi, bali unapitia kapasita na rezista. Ukishika chasisi kama sifuri yako unapata namba za ajabu na kuanza kuwinda kosa lisilokuwepo. Tafuta upande hasi wa kapasita kubwa za kuchuja mvumo, bana waya mweusi wa mita hapo.

Baridi au moto

Kupima baridi ni kupima ukinzani redio ikiwa imechomolewa na kapasita zimemwagwa umeme. Kupima moto ni kupima volti ikiwa inafanya kazi. Wapo mafundi wa zamani wanaoidharau njia ya kwanza, wakisema redio isiyowashwa haina la kusema. Sikubaliani nao, ingawa najua wanachokiona.

Baridi inakupa mambo matatu kwa usalama. Kwanza, ukinzani kati ya volti kuu na waya hasi. Weka mita, namba itapanda polepole kadiri kapasita zinavyojaa, halafu itulie. Ikitulia kwenye makumi ya kiloomu, endelea. Ikigoma kwenye omu mia chache, kuna shoti, na kuiwasha redio hiyo ni kuichoma rektifaya, sehemu inayogeuza mkondo geu (AC) kuwa mkondo mnyoofu (DC). Pili, uzima wa transfoma: nyuzi za kuingilia na za kutokea, na za transfoma ya spika, ambayo hukatika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tatu, rezista.

Hapa pa rezista nikae kidogo, maana kuna kanuni moja inayookoa muda mwingi. Rezista ikiwa bado imelehemiwa ndani ya saketi, njia nyingine zinazoizunguka zinaweza tu kuishusha namba unayoisoma, haziwezi kuipandisha. Kwa hiyo ukisoma chini ya thamani iliyoandikwa, hujajua lolote bado. Inua mguu mmoja upime tena. Lakini ukisoma juu yake, na umehakikisha kapasita hazina umeme uliobaki, kesi imekwisha: rezista imepanda. Rezista za zamani za kaboni hupanda kwa uzee, na zile kubwa za megaomu ndizo mbaya zaidi. Rezista inayolisha gridi ya skrini, moja ya sehemu za ndani ya vali, yenye alama za kiloomu 22 ukiikuta na 41, umeshajua kwa nini volti za skrini ziko chini, na hukuhitaji kuwasha chochote.

Pale baridi inaposhindwa ni kwenye kapasita za karatasi. Mita ya omu hutumia volti chache tu. Kapasita inayovuja vibaya ikibebeshwa volti 100 inaweza kuonekana safi kabisa mbele ya volti 2. Hicho ndicho wanachokiona wale wazee, na katika hilo wana haki. Hali kadhalika vali: hita inaweza kuwa nzima kwenye mita huku kathodi, sehemu inayopashwa na hita, imechoka isiweze kutoa mkondo.

Moto ndio unaokupa kitu ambacho baridi haiwezi: mkondo. Wengi hupima volti wakazilinganisha na jedwali, wakaishia hapo. Pima volti kwenye rezista unayoijua, gawanya kwa omu zake, unapata miliampea, na miliampea ndizo zinazomtaja mhusika. Chukua EL84, vali ya mwisho, yaani inayoisukuma spika, ya redio nyingi za Ulaya. Kwa volti 250 inataka volti hasi 7.3 kwenye gridi (inayodhibiti mkondo) ukilinganisha na kathodi, na inapitisha miliampea 48 kwenye anodi (inayoupokea) na 5.5 kwenye skrini. Jumla inapita kwenye rezista ya kathodi. Ikiwa rezista ni omu 150 na unasoma volti 7.5 juu yake, ni miliampea 50, vali iko kazini. Ukisoma 3, vali imechoka au haipati volti. Ukisoma 11, kuna kitu kinaisukuma kupita kiasi. Ila hakikisha kwanza, ukiwa baridi, kwamba hiyo 150 kweli ni 150. Njia mbili hizi zinahitajiana hapo.

Kwenye ukoo wa hita za mfululizo, taa zote zikizima kwa pamoja, unaweza kwenda njia yoyote. Ukiwa moto, mita ya AC kwenye hita za kila vali itasoma sifuri kila mahali isipokuwa kwenye ile iliyokatika, ambayo itaonyesha volti zote za ukutani. Ni jambo la kupendeza kuliona mara moja. Mimi nachomoa vali moja moja na kuzipima na mita ya omu mezani. Hita ya 50C5 ikiwa moto ni karibu omu 333, lakini baridi ni sehemu ndogo tu ya hiyo, usishtuke. Unachotafuta ni ile isiyosoma chochote.

Mita tatu mahali palepale

Mita yoyote unayoigusisha kwenye saketi inakuwa sehemu ya saketi hiyo. Inakunywa mkondo kidogo. Mahali penye nguvu, kama volti kuu, hakuna anayehisi. Mahali ambapo umeme unafika kupitia rezista kubwa, mita yenyewe inazishusha volti unazotaka kuzijua. Mita ya mshale hupimwa kwa omu kwa kila volti ya skeli: ya zamani ya omu 1,000, ukiiweka kwenye skeli ya 250, ni rezista ya kiloomu 250. Iliyo bora, ya 20,000, ni megaomu 5 kwenye skeli hiyohiyo. Ya dijitali kwa kawaida ni megaomu 10 kwenye skeli zake zote.

Nimepiga hesabu kwa sehemu nne za redio ya kawaida. Mbili za kwanza ni kwa skeli ya 250, mbili za mwisho ni kwa skeli ya 10. Anodi nimeichukua kwa rezista ya kiloomu 220 na vali ya aina ya 6SQ7. Gridi ina rezista ya kiloomu 470. Waya wa AVC, ule unaopunguza nguvu kituo kikiwa karibu, unapitia megaomu 2.2.

| Mahali | Volti halisi | Mshale, omu 1,000/V | Mshale, omu 20,000/V | Dijitali, megaomu 10 |
|---|---|---|---|---|
| Volti kuu | 250 | 249 | 250 | 250 |
| Anodi ya vali ya kwanza ya sauti | 100 | 80 | 99 | 99 |
| Gridi ya vali ya mwisho, kapasita ikivuja | +2 | 0.04 | 0.6 | 1.9 |
| Waya wa AVC | −6 | −0.03 | −0.5 | −4.9 |

Mstari wa tatu, ule wa gridi, ndio uliowahi kuniaibisha. Redio ilikuwa na EL84 na sauti iliyopasuka, volti kuu zikisoma 210 badala ya 250. Kathodi ilikuwa na 10.8 juu ya rezista ya omu 150, yaani miliampea 72. Nikaiwekea gridi mita yangu ya mshale ya omu 1,000, niliyoirithi na kuipenda kupita inavyostahili. Mshale ulitikisika kidogo ukalala. Nikahukumu kwamba gridi ni safi na vali ni mbovu. Nikaweka vali mpya: 10.8 ileile. Nikashuku rezista, nikaipima: 150 kamili. Nikashuku transfoma ya spika. Jioni ya pili nikachukua ya dijitali, ikasoma volti +7 kwenye gridi ambayo ilipaswa kuwa sifuri. Niliinua mguu wa kapasita inayovusha sauti kutoka vali ya kwanza, nikaupima huo mguu uliokuwa hewani: volti 58, imara, hazishuki. Kapasita nzima ingeruka mara moja na kurudi sifuri. Hii ilikuwa ikivuja kama rezista ya takriban megaomu 6. Miliampea 0.015 tu zilikuwa zinapenya, lakini juu ya kiloomu 470 zinatosha kuharibu kila kitu mbele yake. Mita yangu ya mshale, kwa kuwa yenyewe ni kiloomu 10 tu kwenye skeli ile, ilikuwa imezimeza.

Kwa hiyo ya dijitali inashinda? Kwenye gridi na AVC, ndiyo, bila mjadala. Kwingineko mambo yako sawa, na mahali pengine mshale unashinda. Volti zinazopanda polepole vali zikipata joto, zinazoyumba kila sauti inapokuwa kubwa, zinazoshuka ghafla unapogonga soketi: hayo jicho linayasoma kwenye mshale, lakini kwenye tarakimu yanakuwa fujo ya namba zinazorukaruka. Mita ya dijitali ya bei rahisi pia huchanganyikiwa karibu na saketi yenye masafa ya juu. Ukitaka kujua kama osileta, saketi inayotengeneza masafa ya ndani ya redio, inafanya kazi, unapima volti hasi kwenye gridi yake. Ukigusa na waya wa mita moja kwa moja, waya wenyewe unaweza kuizima hiyo osileta. Lehemu rezista ya megaomu 1 kwenye ncha ya kugusia. Utasoma chini kwa asilimia 9 hivi, lakini utasoma kitu cha kweli.

Ipo na mita ya nne ambayo wenye meza za zamani bado wanayo, mita ya vali. Ukinzani wake ni megaomu 11, moja kati ya hizo ikiwa ndani ya ncha ya kugusia tayari, na ina mshale. Kwa kazi hii ni nzuri kuliko zote ikiwa yako ni nzima. Inataka dakika za kupata joto, sifuri yake huhama, na waya wake wa chini huwa umeungwa kwenye boksi lake, hivyo huwezi kuiweka katikati ya pointi mbili zenye volti kubwa. Kuinunua mpya kwa ajili ya redio moja sioni sababu.

Halafu kuna jedwali la mtengenezaji. Majedwali mengi ya miaka ya 1930 na 1940 yalipimwa kwa mita za omu 1,000, na mchoro mzuri husema hivyo pembeni. Ukisoma 100 kwa dijitali mahali jedwali linaposema 80, angalia maandishi hayo madogo kabla ya kulaumu rezista.

Kuiwasha: moja kwa moja, kwa balbu, au kwa variaki

Moja kwa moja ukutani, kwa redio usiyoijua, ni kamari. Sina la kuongeza.

Balbu ni balbu ya kizamani ya waya, wati 60 hadi 100, iliyoungwa mfululizo na redio. Balbu za kisasa za LED hazifai. Ukiwasha, balbu inang'aa kidogo, kisha inafifia vali zinapopata joto. Iking'aa kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na balbu ndiyo inayobeba mzigo badala ya transfoma yako. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inalinda hata ukiwa umegeuka kuchukua bisibisi. Udhaifu: volti zinazofika redioni zinakuwa pungufu, kwa hiyo usizilinganishe na jedwali mpaka uitoe.

Variaki inakuacha upandishe volti taratibu na kuona kila hatua. Inapendeza, na ina heshima mezani. Lakini inalinda tu mradi macho yako yako kwenye mita ya mkondo. Tena, haitenganishi: ni transfoma ya uzi mmoja, na chasisi yenye umeme inabaki na umeme. Kuna na dhana kwamba ukipandisha kidogokidogo kwa saa kadhaa kapasita za zamani zitaamka. Kama rektifaya ni vali, haitoi kitu cha maana mpaka hita zake zikaribie joto la kazi, halafu inatoa kwa mkupuo. Polepole yako yote ilikuwa inazipasha moto hita tu. Njia hiyo ina mantiki zaidi kwenye redio zenye rektifaya ya seleniamu au dayodi.

Nikiwa na kimoja tu, nachukua balbu.

Volti kuu ziko chini: mleta au mlaji?

Hili ndilo swali lenyewe, na lina majibu mawili tu. Ama anayeleta amedhoofika, yaani rektifaya imechoka au kapasita ya kwanza ya kuchuja imekauka. Ama kuna mlaji anayekula kupita haki yake.

Kwenye redio ya transfoma kuna jaribio la dakika moja: zima, chomoa vali ya mwisho, washa tena kwa muda mfupi, soma. Volti zikiruka kutoka 210 hadi karibu 300, mleta ni mzima na mlaji ni ile vali au kinachoisukuma. Zikipanda kwa shida hadi 225, angalia upande wa rektifaya. Usiiache hivyo kwa muda mrefu, maana kapasita zinabeba volti kubwa kuliko kawaida. Kwenye redio ya hita za mfululizo jaribio hili halipo: ukichomoa moja zote zinazima.

Huko utumie kipimo cha mkondo. Kati ya kapasita mbili za kuchuja kuna rezista, koili, au kwa redio za zamani zaidi koili ya sumaku ya spika. Pima volti juu yake. Koili ya omu 1,500 yenye volti 90 juu yake inapitisha miliampea 60, na hilo kwa redio ya kawaida ni haki. Miliampea zikiwa za kawaida au pungufu na volti bado ziko chini, mleta amechoka. Zikiwa nyingi, tafuta mlaji. Kumbuka tu kwamba katika redio nyingi za vali tano anodi ya vali ya mwisho inapata volti zake kabla ya rezista hiyo, kwa hiyo mkondo wake hauonekani hapo. Usome kwenye kathodi.

Kapasita ya kwanza iliyokauka ina saini yake. Kwa rektifaya ya nusu wimbi kwenye umeme wa volti 120, bila kapasita hiyo wastani ni volti 54 tu, mahali palipotakiwa kuwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa transfoma ya 250-0-250, yaani volti 250 kila upande wa waya wa kati, unashuka kuelekea 225 kutoka karibu 300. Na mvumo unakuwa mkubwa. Pima AC kwenye kapasita yenyewe: volti 5 hadi 8 ni kawaida, 25 ni ushahidi. Baadhi ya mita za bei rahisi husoma DC hata zikiwekwa kwenye AC. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya volti 630 mfululizo na ncha ya kugusia kama huiamini yako.

Kabla ya kushika chochote baada ya kuzima, mwaga umeme wa kapasita kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5, sekunde tano, kisha pima kuhakikisha. Kupiga shoti kwa bisibisi kunatoa cheche nzuri na kunaharibu kapasita.

Kubadilisha zote au kumtafuta mmoja

Wapo wanaong'oa kila kapasita siku ya kwanza. Wapo wanaoona hilo ni uchinjaji, wanatafuta iliyokufa na kuziacha nyingine. Nimekuwa kambi zote mbili. Sasa hivi kapasita za karatasi zenye nta na zile kubwa za kuchuja nazibadilisha bila kuziuliza, kwa sababu iliyo nzima leo inavuja mwezi ujao. Za maika na za kauri naziacha. Ile iliyoungwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani nabadilisha kwa aina ya X2, na inayokwenda kwenye chasisi kwa Y2, kwa kuwa hizo zimetengenezwa zisiue mtu zikifa. Rezista nabadilisha tu iliyopanda kupita asilimia 20.

Lakini nabadilisha mojamoja, na baada ya kila mbili tatu nawasha na kupima. Aliyebadilisha kumi na tano kwa mpigo halafu redio ikawa bubu ana mashaka kumi na tano mapya, mengine ya lehemu yake mwenyewe, na kosa la awali limefunikwa humohumo.

Rektifaya ni mjadala mwingine ambao haustahili muda mrefu. Kuweka dayodi za silikoni badala ya vali za rektifaya kama 5Y3 au EZ80 kunaondoa ule upotevu wa ndani ya vali, hivyo volti kuu zinapanda, pengine kwa 20 hadi 50, na zinafika papo hapo kabla vali nyingine hazijapata joto la kuzila. Kapasita zinapigwa kilele chote. Kama vali ya rektifaya inapatikana, weka vali. Kama haipatikani, weka dayodi pamoja na rezista ya mfululizo ya kurudisha volti mahali pake. Kwenye 35W4, rektifaya ya ile redio ya vali tano, hita lazima zibaki, kwa kuwa ni sehemu ya ule mnyororo. Seleniamu ndiyo nisiyoisitasitia: ikiungua moshi wake ni sumu na harufu yake haitoki chumbani kwa siku. Dayodi na rezista, mara moja.

Na ukimaliza yote, ukakuta kila kitu kiko juu ya jedwali kwa kiasi kilekile, usiwinde. Umeme wa ukutani wa leo mara nyingi ni mkubwa kuliko ule redio ilioundiwa: iliyoundwa kwa 220 inapewa 230, ya 110 inapewa 120. Pima hita kwanza. Zikisoma 6.8 badala ya 6.3, umezidishiwa asilimia 8, na volti kuu 270 mahali jedwali linaposema 250 ni asilimia 8 hizohizo. Hamisha waya wa transfoma kwenye alama ya juu zaidi kama ipo, upime tena.